Tanga mpaka Mombasa kwa laki na nusu, na mkeka mkononi

Mwezi wa nane nilitoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nilitoka na laki na nusu tu, na ikabaki. Watu wananiuliza imekuwaje, wengine wanadhani kuna mtu kanilipia, basi leo nakaa naandika yote maana najua wengi hapa Tanga wanatamani kutembea ila wakisikia bei ya tiketi ya ndege wanakata tamaa, na huku nchi ya watu iko pale Horohoro tu, kilomita kama 65 kutoka mjini kwetu, unafika chai uliyokunywa nyumbani bado iko tumboni.

Tulienda Mombasa. Ijumaa mpaka Jumapili usiku, mimi na shoga yangu.

Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani, yeye ni wakala wa pesa, kibanda chake na changu vinatazamana. Kazi zetu zote mbili hazina likizo, ukifunga siku moja mteja kahamia kwa mwingine, kwa hiyo wikendi kwetu ni kitu kikubwa sio mchezo. Tulianza kuweka elfu mbili mbili kila jioni kwenye kopo la maziwa toka katikati ya mwezi wa tano, kopo linalala kwake maana yeye ndo mwenye sefu, na zile hela hatukuzigusa hata siku umeme ulipokatika wiki nzima upande wetu na kazi ikasimama.

Paspoti nilikuwa nayo, nilikata mwaka juzi kwa 150,000, ikawa imelala kabatini haina hata muhuri mmoja, kila nikifungua kabati naiona naumia roho. Hili mliweke akilini mapema: Mkenya, Mganda na Mnyarwanda toka 2014 wanavuka kwenda kwa wenzao kwa kitambulisho tu, sisi NIDA haituvushi, lazima uwe na paspoti au hati ya dharura kutoka uhamiaji. Viza ya kwenda Kenya hakuna. Kadi ya homa ya manjano nayo beba, sisi tuliulizwa.

Sasa safari yetu ilikuwa ya kutembea tu, kula, kupiga picha, kurudi. Mpaka bibi yake shoga yangu aliposikia.

Bibi yuko Makorora, mzee wa miaka sabini na kitu, Mdigo wa Mkinga, na mdogo wake wa tumbo moja kaolewa Likoni, Mombasa, toka zamani hizo. Wadigo ndo hivyo, nusu huku nusu kule, maana mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa huko kwao wakachora mstari kuanzia mdomo wa mto Umba kwenda bara, wakapita katikati ya watu wenye lugha moja na makaburi mamoja. Bibi hawezi tena kusafiri, magoti yamekataa. Alivyosikia tunaenda Mombasa akaingia ndani akatoka na mkeka. Alikuwa anausuka toka Ramadhani, ukili wake mwembamba ule wa kazi, mweupe na zambarau na kijani kidogo pembeni, umeshonwa kwa mkono mpaka huoni ukili mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Ukiukunja na kuusimamisha ulinifika kifuani. Akasema mpelekeeni mdogo wangu, mwambieni sijamsahau. Nani atamkatalia bibi? Tukaufunga kamba ya katani mbili, huku na huku, tukaanza safari tukiwa watu wawili na mkeka.

Haisi ya Horohoro ilijaa haraka. Amboni, Duga Maforoni, minazi, mihogo, mbuzi barabarani, lami nzuri, kufumba na kufumbua tuko mpakani. Mkeka ulilala juu ya mapaja ya watu wanne siti ya nyuma na hakuna aliyenuna, kila mmoja alikuwa anaupapasa na kuuliza nani kasuka.

Mpakani nataka niseme jambo moja kwa kirefu kwa sababu linaweza kukuharibia safari yote, nalo ni kubadili hela. Kuna vijana wanasimama na mabunda, wanakuita dada dada bei nzuri. Siku ile shilingi moja ya Kenya ilikuwa inakaribia 20 ya kwetu. Tulitaka kubadili 120,000 kila mmoja, yaani kama elfu sita ya Kenya kwa kichwa. Kijana akahesabu mbele yetu haraka haraka, akanipa mimi zangu, mimi nikataka kuzitia kwenye pochi. Shoga yangu akanishika mkono. Akazichukua, akaziweka kiganjani, akaanza kuhesabu kwa kidole gumba vile anavyohesabu kibandani kwake, taratibu, noti inatoa sauti, na kwenye noti ya nne kidole kikasimama. Noti ilikuwa imekunjwa katikati, yaani imehesabiwa mara mbili, kichwa mara moja na mkia mara moja. Hakupiga kelele. Akamtazama yule kijana akamwambia, "Kaka, hii moja umeihesabu kama mbili, ongeza." Kijana akaongeza bila neno. Mimi mwili ulinisisimka, maana 1,000 ya Kenya ni 20,000 yetu, ni siku kumi za kopo. Kwa hiyo hesabu mwenyewe, noti moja moja, fungua kila mkunjo, na kama unaweza badili kwenye duka rasmi. Usione aibu. Hela ni yako.

Uhamiaji wenyewe ulikwenda vizuri, siku hizi ni kituo kimoja cha pamoja, dirisha la kutoka na dirisha la kuingia viko jengo moja. Askari akauliza mkeka ni biashara, shoga yangu akasema ni zawadi ya bibi kwa bibi, akatabasamu akatupungia mkono tupite. Ule muhuri wa kwanza nilipousikia unagonga kwenye paspoti yangu, tap, nilifurahi mno, nikaufungua ukurasa nikaupuliza wino ukauke.

Lunga Lunga, upande wa Kenya, unapanda matatu mpaka Likoni, kama kilomita mia hivi. Hapo ndo unajua uko nchi nyingine ingawa miti ni ile ile. Konda wao wanamwita makanga, na kanga wao wanaita leso. Gesti ni lojing. Buku ni thao. Pantoni ni feri. Bajaji ni tuktuk. Ila Kiswahili cha wenyeji wa pale mie nilikipenda sana, hasa wazee, mama mmoja pembeni yangu alikuwa anasema ndia badala ya njia, na wataka nini, waenda wapi, inateremka kama maji. Sie tuliosoma shule tumefundishwa Kiswahili sanifu kilichotokana na Kiunguja, na uamuzi wenyewe wa kuchagua Kiunguja ulipitishwa hapo hapo Mombasa kwenye mkutano wa 1928, Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kikawekwa kando kikiwa nyumbani kwake. Nilipomsikiliza yule mama nilitamani aendelee kuongea mpaka tufike.

Na mtego mwingine wa hela ni huu: bei za Kenya zinasikika ndogo. Unaambiwa samaki mia mbili, sikio la Mtanzania linasikia mia mbili ya kwetu ambayo hata pipi hupati vizuri, kumbe ni elfu nne. Siku ya kwanza tulinunua njugu, maji, kachiri za muhogo, soda, kila kitu hamsini, themanini, mia, tukaona rahisi, tulipofika Likoni shoga yangu kapiga hesabu tumekula kama elfu kumi na mbili ya kwetu njiani tu. Kuanzia hapo tukaweka sheria, hakuna kutoa hela kabla hujazidisha kwa ishirini kwa sauti.

Tulipita mashamba ya miwa ya Ramisi, Msambweni, Ukunda ambako watalii wanashuka kwenda Diani, jua likaanza kwenda. Mpango wetu ulikuwa hivi: tushuke Likoni, tumpe bibi mdogo mkeka wake, tunywe maji, tuvuke feri tukalale lojing mjini. Chumba tulishakilipia kianzio cha shilingi elfu moja ya Kenya kwa simu toka tuko Tanga. Watu wazima wawili na mpango wao.

Bibi mdogo alikuwa kakaa kibarazani anatusubiri. Ni sura ya bibi wa Makorora kabisa, mpaka shoga yangu alisita getini. Tukamshikia mikono, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, akamvuta mjukuu wake akamnusa kichwani kama mtoto mchanga, akanivuta na mimi. Halafu akauona mkeka. Hakusema kitu. Akafungua kamba mwenyewe, mafundo ya bibi yalivyokazwa nilitaka kumletea kisu akakataa, akafungua kwa kucha, akautandaza pale pale barazani, akaupitisha mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho kufuata mshono, pole pole. Kisha akasema, "Bado anashona kwa mkono wa kushoto."

Mimi nimeushika ule mkeka kutwa nzima na mimi ni fundi, sikuliona hilo. Alinionesha baadaye, mshono unalala upande wa pili.

Giza likaingia tukaanza kuaga. Akauliza mwenda wapi, shoga yangu akasema bibi tumelipia lojing mjini. Jamani. Bibi alinyamaza, akautazama mkeka, akasema, "Mna bibi Likoni, mwenda kulala lojing? Nikamwambie nini dadangu?" Basi hapo hakuna maneno tena. Tulipiga simu lojing tukaomba turudishiwe kianzio au walau nusu, hatujafika hata mlangoni, wakasema hela haitoki ikishaingia. Iliniuma, ni elfu kumi kumi kwa kila mmoja wetu imekwenda bure, na naona si haki kumkatalia mtu aliyetoa taarifa mapema hivyo. Ila usiku ule tulikula wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha, tukalala chini ya neti juu ya ule mkeka wa bibi, na godoro juu yake, na kwa hizo siku mbili chumba hakikutugharimu kitu zaidi ya nyama kilo moja na sukari na majani tuliyonunua Jumamosi.

Jumamosi alfajiri tukavuka.

Feri ya Likoni ni bure kwa waenda kwa miguu. Bure kabisa. Nasema mara mbili kwa sababu sikuamini, nilikuwa nimeshika hela mkononi natafuta dirisha la tiketi. Unaingia na umati, watu maelfu, wanafunzi, wachuuzi, mikokoteni ya matikiti, wanasubiri kwenye kibanda kirefu, geti likifunguliwa wote mnateremka kwa pamoja kama maji ya mtaro, unashika mkono wa mwenzako hivi hivi utampoteza. Magari yanaingia katikati, watu pembeni. Kivuko chenyewe ni dakika chache tu, ng'ambo unaiona, lakini siku ile tulisimamishwa kwanza maana meli ya makontena ilikuwa inaingia bandari ya Kilindini, ikapita mbele yetu karibu vile, ghorofa linatembea, watu wote kimya wameinua shingo. Bandari ya Tanga naijua tangu utoto wangu ila meli kubwa hivyo kupita karibu na uso wangu sijawahi. Bibi mdogo alituaga kwa dua ndefu kabla ya kutoka, yeye feri haipandi kwa amani toka ile ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994 iliyozama na watu zaidi ya 250, kuna majirani zake walikuwemo. Kwa hiyo tulipofika tu ng'ambo jambo la kwanza ni kumpigia kwamba tumefika.

Mji wa Kale tulianza na chai. Mahamri na mbaazi za nazi kwenye kibanda, hamri shilingi kumi, limevimba, ndani tupu, hiliki unaisikia kabla hujauma. Tanga tunapika pia, najua, ila mbaazi zile nzito namna ile niliongeza sahani. Kisha tukazunguka vichochoro, milango ya nakshi, baraza, roshani za mbao zinazotoka nje juu ya kichwa chako, paka, harufu ya udi na ya samaki pamoja. Msikiti wa Mandhry wa mwaka 1570 bado uko na unaswaliwa. Kutembea hapo hakuna kiingilio wala anayekudai kitu. Nilikumbuka Pangani, nilitamani mtu wa Pangani aione hii aone nyumba za zamani zikitunzwa zinavyokaa.

Ngomeni, yaani Fort Jesus, ndiko tulikolipa kiingilio, na oneni paspoti zenu dirishani kwa sababu mtu wa Afrika Mashariki halipi sawa na mtalii wa Ulaya. Wareno walianza kuijenga 1593, aliyeichora ni Mtaliano mmoja anaitwa Cairati, na ukuta wenyewe umekatwa kwenye mwamba wa matumbawe, sehemu nyingine huwezi kusema mwamba umeisha wapi jengo limeanza wapi. Waomani waliizingira toka Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa ndani wanakufa kwa njaa na maradhi. Baadaye Waingereza wakaifanya gereza toka 1895 mpaka 1958. Toka 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Lakini kilichonishika mimi ni michoro. Kuna kipande cha ukuta wamekihifadhi, mabaharia na askari wa Kireno walichora hapo kwa mkaa na rangi nyekundu, merikebu, matanga, watu, samaki. Meli zimechorwa na mtu anayeijua meli, kamba zote ziko mahali pake. Mtu kakaa ngomeni mbali na kwao, hana la kufanya, kachora kitu cha kumrudisha nyumbani. Nilisimama pale muda mrefu. Nikamwambia shoga yangu kwamba hawa watu na kwetu walifika, meli ya Vasco da Gama iliyoitwa São Rafael iliachwa ikachomwa moto karibu na Tongoni mwaka 1499, kilomita chache tu kusini ya Tanga mjini, na sisi Tongoni tumeenda mara moja na shule tukala maembe tukarudi. Naona tutaenda tena, vizuri safari hii.

Sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue tulipiga picha tukapita. Marikiti, yaani sokoni, tulinunua iliki na pilipili manga, kidogo.

Sasa Biashara Street. Hapa naomba mnivumilie maana ni kazi yangu. Mtaa mzima ni vitambaa. Vikoi, vitenge, na kanga, kanga, kanga, zimetundikwa mpaka darini. Kuna duka la zamani la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, wale wa muhuri wa Mali ya Abdulla ambao mama zetu wote walikuwa wanauangalia kwanza kabla ya kununua, na mimi nikiwa mdogo nilikuwa nadhani Abdulla ni mtu anayekaa Tanga. Kuingia pale kwangu ilikuwa kama mtu wa mpira kuingia uwanjani. Nilishika kanga moja moja. Kanga nzuri unaijua kwa pindo: ukiikunja pembe kwa pembe, pindo likutane na pindo bila kupishana, na rangi ya nyuma isiwe imefifia mbali na ya mbele. Halafu unaisugua kwa vidole, ile ngumu ya wanga ikitoka unaisikia pamba yenyewe kama ina mwili au ni nyavu. Muuzaji, mzee mtaratibu sana, akaniuliza mwanangu washona? Nikasema ndio baba. Akaacha kunionesha za mbele akaenda ndani kuleta nyingine. Nilichukua doti mbili kwa elfu moja, baada ya kuzidisha kwa ishirini nikaona ni bei ya haki.

Jioni tulikaa Mama Ngina, pale ufukweni, mibuyu mikubwa, upepo wa kusi unapiga, meli zinapita mlangoni. Viazi karai kwa ukwaju, muhogo wa kuchoma uliopasuliwa katikati ukapakwa pilipili na ndimu, dafu. Ubuyu wetu wao wanaita mabuyu, mwekundu huo huo, ulimi ukawa mwekundu huo huo. Familia nzima nzima zimekaa, watoto wanakimbia, hakuna anayekuuliza umenunua nini. Tulikaa mpaka maghrib bila kusema mengi, tumechoka vizuri, shoga yangu kavua viatu kaweka miguu kwenye majani, akaniambia toka ajue kusoma hajawahi kukaa masaa mawili simu ya wateja haijaita. Alikuwa ameizima.

Usiku ule Likoni nilimtolea bibi mdogo zile kanga azione. Akazisifu, akaingia ndani akaja na yake. Kipande kimoja tu, kimefuliwa kimekuwa laini kama karatasi ya kahawa, jina lake linasomeka bado, WEMA HAUOZI, na upande mmoja mshono wa ukingo umeachia. Mimi nikashtuka, maana kanga hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo, pindo hilo hilo, nimeiona kwa bibi Makorora akiitoa siku ya Idi.

Bibi mdogo akatueleza. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika Tanzania ilifunga mpaka, yeye alikuwa kaolewa miaka miwili tu, ana mimba ya kwanza. Watu walikuwa wanapita porini kwa siri ila mumewe hakumkubalia na hali ile. Mtoto akazaliwa, akatambaa, akaenda chuoni kusoma Kurani, mama yao akafa Mkinga akazikwa yeye hayupo. Mpaka ukafunguliwa mwishoni mwa 1983. Akaenda Biashara Street akanunua doti moja, akapanda gari na mtoto wa miaka sita anayejua shangazi, mjomba na mama mkubwa kwa majina tu, na walipofika Mkinga wale ndugu wawili walikata doti ile katikati, kila mmoja kipande chake. Alikuwa anaeleza huku anavuta nyuzi za ule ukingo ulioachia, na shoga yangu analia kimya, maana bibi yake hajawahi kumwambia hata neno moja katika hayo yote. Alijua tu bibi ana kanga ambayo haazimishi.

Nikaomba sindano. Nilikaa chini ya taa nikaukunja ule ukingo upya, mara mbili, mkunjo mwembamba kabisa, kitambaa kimechoka hivyo ukivuta uzi sana kinachanika, kwa hiyo unapitisha sindano kama unampapasa mgonjwa. Nilichukua karibu saa nzima kwa kipande kisichofika hata mita mbili. Nimeshona magauni ya harusi mengi, kazi ile ndo nitaikumbuka.

Jumapili baada ya chai tulirudi. Nauli zote, kwenda na kurudi pande zote mbili za mpaka, hazikuzidi 30,000 kwa mtu, na mimi nilirudi Ngamiani na 31,000 mfukoni na doti mbili na mabuyu ya watoto wa jirani. Mpakani nilibadilisha chenji yangu ya Kenya na nikahesabu mwenyewe, noti moja moja.

Tulipitia Makorora usiku ule ule kumpa bibi salamu na mfuko wa kahawa aliotumiwa. Tulikuwa na picha za ngome, za feri, za Mama Ngina. Bibi hakutaka simu, alisukuma pembeni. Akauliza mkeka kautandika wapi. Shoga yangu akasema siku ile alipoupokea aliutandika barazani, halafu akatuwekea chumbani tukaulalia. Bibi akafikiri.

"Mliulalia nyie?"

"Ndio bibi."

"Haya. Basi nitasuka mwingine wa kwake."